Kisima Kilicho Chini ya Josho

Paskazia Obedi angeruhusiwa kufuta neno moja katika Kiswahili, angefuta neno "matamu" linapotumika kwa maji. Awe maabara, awe mkutanoni, awe amechuchumaa penye bomba na chupa zake za sampuli, hakosi mtu wa kumwambia: "Haya ya nini kuyapima, mama? Haya ni matamu." Naye hujibu lile lile, kwa sauti inayozidi kukauka mwaka hadi mwaka, kwamba ulimi haupimi sumu. Ulimi unajua chumvi na sukari, basi.

Alikuwa fundi wa maabara ya maji mjini Dodoma, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye uso ambao wenzake walidai ulizaliwa umekunjwa. Alikaa Chang'ombe na mumewe Nikodemo, fundi cherehani, na binti yao Anitha aliyekuwa akisoma chuoni Chimwaga. Kazini hakupendwa sana wala hakuchukiwa, alihitajika. Mashine ikigoma, aitwe Paskazia. Mkuu wake, Bwana Ludovick, hakuwa mtu mbaya, ila kila jambo alilijibu kwa maneno mawili: "Tunalifanyia kazi." Taa ya mashine inayopima sumu ya arseniki ilipokufa, Bwana Ludovick alisema tunalifanyia kazi. Mvua zikaja, zikakatika, watu wakavuna zabibu, wakapogoa mizabibu, taa haijafika. Paskazia alikuwa akiipitia ile mashine kila asubuhi, imefunikwa kitambaa kama maiti, na kila asubuhi alisonya.

Nyumbani kwao kwa kuzaliwa ni Joshoni, kitongoji kidogo kilicho mbali na lami, upande wa kaskazini kama unaelekea Kondoa. Jina lilitokana na josho la ng'ombe lililojengwa pale zamani, Paskazia akiwa bado hajazaliwa. Baba yake, Obedi, ndiye aliyekuwa mhudumu wa josho hilo. Siku za kuogesha, wafugaji walileta mifugo kutoka kila upande, na Obedi alichanganya dawa kwenye maji kwa mti mrefu, mikono mitupu, kaptura imelowa hadi kiunoni. Baadaye dawa zikaacha kuja, josho likafa. Mfereji ukajaa mchanga na kuta zikabaki zimesimama kama meno ya mzee.

Ukaja mwaka wa ukame mkali. Kila aliyechimba Joshoni alipata maji ya chumvi au hakupata kitu. Obedi akachimba kwenye bonde, chini kidogo ya lile josho, mahali alipoona majani hayakauki. Akapata maji baridi, matamu. Watu walikunywa wakalia machozi. Kuanzia siku hiyo Obedi akawa mtu wa kuheshimiwa. Wafadhili walipokuja miaka ya baadaye wakakifunika kisima na kukiwekea pampu ya mkono, na hata Obedi alipofariki watu hawakuacha kusema, "Nakwenda kwa Obedi," wakimaanisha wanakwenda kuteka maji. Serikali nayo ilichimba kisima kirefu juu kwenye mwinuko, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Yakawa ya ng'ombe na ya kufyatulia matofali.

Krismasi moja Paskazia alikwenda kumwona mama yake, Anyesi. Kwenye gari alikuwa na deli la barafu na chupa, kama fundi mwingine anavyotembea na bisibisi. Siku chache kabla alikuwa amesoma kwamba dawa za zamani za majosho zilitengenezwa kwa arseniki, na kwamba arseniki haiozi wala haichakai. Ikishaingia kwenye udongo inakaa, na maji yakipita yanaondoka nayo kidogo kidogo. Sentensi hiyo ilimkosesha hamu ya pilau. Akashuka bondeni, akapampu, akajaza chupa mbili, akadondoshea tindikali ya kuhifadhia, akazifunga.

"Unapima maji ya baba yako?" Anyesi alimuuliza aliporudi.

"Napima maji, mama."

"Ya baba yako."

Kwa kuwa taa ya kwao ilikuwa imekufa, ilibidi amwombe mwenzake wa maabara ya mkoa mwingine. Majibu yalikuja baada ya Pasaka. Arseniki ilikuwa mara saba ya kiasi kinachoruhusiwa. Paskazia aliyasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Maji hayo yalimkuza yeye. Yalipikia uji wake, yalimwogesha siku ya ubatizo, na mama yake alikuwa akiyanywa asubuhi hiyo hiyo.

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Ludovick.

"Kisima hiki hakimo kwenye visima vyetu," mkuu wake alisema, akiigeuza ile karatasi. "Ni cha mtu binafsi."

"Kinanywesha kitongoji kizima, bosi."

"Naelewa. Ila sampuli moja, tena ya likizo. Tukirudia vipimo kwa utaratibu..."

"Tuvirudie kwa mashine ipi?"

Bwana Ludovick akashusha pumzi. "Tunalifanyia kazi."

Mwishowe alipewa gari na dereva, Iddy, mtu mpole aliyezoea kumsikiliza Paskazia akigomba njia nzima bila kumjibu. Walirudia sampuli, zikapelekwa kule kule, majibu yakawa yale yale. Kisima cha chumvi cha juu nacho kilipimwa: kisafi, hakina arseniki hata ya kusingizia. Hapo ndipo shida ilipoanza hasa, maana sasa Paskazia alitakiwa awaambie watu kwamba maji matamu yanaua na maji machungu ndiyo mazuri.

Mkutano uliitishwa chini ya paa la kanisa. Mwenyekiti wa kitongoji, Batholomeo, mfugaji mwenye sauti nzito, alimkaribisha kwa heshima zote. "Huyu ni binti Obedi," alisema. "Ni mtoto wetu." Paskazia alieleza kwa lugha nyepesi kadiri alivyoweza. Alisema sumu hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haimwangushi mtu leo. Inajikusanya mwilini miaka na miaka, inaharibu ngozi, kisha inaingia ndani na kuleta saratani.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mimi nimeyanywa tangu yalipotoka ardhini. Mbona nipo?"

Mama mmoja, Dorkasi, akauliza kama wakiyachemsha. Kabla Paskazia hajafungua mdomo, ofisa aliyetumwa kutoka kata alisimama na kusema kwa kujiamini, "Hilo ndilo jibu! Ndugu wananchi, chemsheni maji. Maji yakichemka, kila kitu kinakufa."

"Hapana!" Paskazia alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Hiki si kijidudu, hakifi. Ukichemsha, maji yanapungua na sumu inabaki. Unazidi kuikoleza!"

Ofisa akakaa, amenuna. Watu wakatazamana. Waliloondoka nalo siku hiyo ni kwamba wataalamu wawili wamegombana kanisani, basi kila mtu na aendelee na lake. Wengine walianza kuchemsha.

Paskazia alirudi akaandika maelezo, akachora picha, akaja tena, akaeleza tena. Kila akija alikuta foleni ya ndoo bondeni na akina mama wakimsalimu kwa furaha, "Mbukwenyi, binti Obedi!", huku wakiendelea kupampu. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Alimwambia Iddy, "Ningewaambia kisima kina jini, wangekihama jana." Iddy akacheka, akaona mwenzake hatanii, akarudisha macho barabarani.

Hatimaye ikaja ruhusa ya kufunga pampu. Mnyororo ukapitishwa kwenye mkono wa pampu, kufuli likatiwa, tangazo jekundu likabandikwa. Haikupita wiki mnyororo umekatwa. Ukawekwa mwingine, mnene zaidi, nao ukakatwa, na tangazo likaonekana limeziba tundu la banda la kuku. Batholomeo alipoulizwa alijikuna kidevu. "Binti Obedi, mimi nitamkamata nani? Nenda kaulize nyumbani kwenu."

"Nyumbani kwetu?"

"Nenda kaulize."

Paskazia alimkuta mama yake amekaa kwenye kivuli cha nyumba akibangua karanga. Alisalimia, "Shikamoo, mama," lakini hakungoja marahaba iishe.

"Nani anakata minyororo?"

"Mimi," alisema Anyesi, akaendelea kubangua. "Sina nguvu za kukata, niliwaomba vijana. Niliwaambia kisima ni cha mume wangu, nami ndiye ninayeruhusu."

Paskazia alimsimamia mbele ya ungo wake. Alikuwa amegombana na mkuu wake, na ofisa wa kata, na mfamasia aliyewauzia watu vidonge vya kutibu maji visivyogusa arseniki, na mwenye gereji aliyekaa na gari la ofisi mwezi mzima. Wote hao alikuwa na maneno ya kuwapa. Kwa mama yake maneno yalimwishia, ikabaki kelele tu.

"Mama, mimi nasumbuka kwa ajili ya nani? Nalala nawaza maji haya, naamka nawaza maji haya, ofisini wananiona kichaa, na wewe ndiye unayewafungulia? Yale ya juu yana ubaya gani?"

"Kunde haziivi kwa maji yale. Unamaliza mzigo wa kuni, kunde ngumu kama kokoto. Chai inakuwa kama mchuzi. Na wewe unajua hilo, umekulia hapa."

"Afadhali kunde ngumu!"

"Wewe hupiki hapa."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkera zaidi. Akakaa chini, akavuta ungo ili amsaidie, angalau mikono iwe na kazi. Hapo ndipo alipoona. Viganja vya mama yake vilikuwa na vinundu vidogo vigumu, kama punje za uwele zilizopandwa chini ya ngozi. Kwenye mikono, juu ya viwiko, ngozi ilikuwa na madoadoa meusi na meupe, kama vumbi lililodondokewa na matone ya kwanza ya mvua. Alikuwa ameitazama mikono ile maisha yake yote. Picha kama ile alikuwa ameiona kwenye kitabu cha kazini, wala hakuihusisha na mikono ile.

"Mama, vinundu hivi vilianza lini?"

"Hii mikono ya kazi. Baba yako alikuwa nayo hivi hivi, mpaka miguuni. Umemsahau?"

Hakumsahau. Alikumbuka nyayo za baba yake zilizopasuka, vidonda visivyopona, na jinsi walivyomzika kabla hajawa mzee, wakisema ni kazi ya Mungu. Akakamata kiganja cha mama yake kwa mikono miwili.

"Si kazi, mama. Ni ile dawa. Ilianza kwa baba kwenye josho, ikashuka kwenye maji."

Anyesi akauchomoa mkono wake. Akasema polepole, kama mtu anayeokota maneno yaliyomwagika, "Unajua unachokitaka wewe? Unataka watu waseme Obedi aliwanywesha sumu. Wakati wa ukame hapa watoto walikuwa wanakufa. Yeye ndiye aliyewapa maji. Leo binti yake, wa kumzaa mwenyewe, aliyemsomesha, anakuja na chupa kusema baba yake ni muuaji."

"Sijasema hivyo! Hakujua. Hata waliomletea dawa hawakumwambia."

"Watu hawasemi hakujua. Watu wanasema ni yeye." Akasimama, akajipangusa maganda. "Nenda. Iddy anakungoja kwenye gari."

Njiani Paskazia hakugomba. Iddy alimtazama mara mbili kwenye kioo, kisha akawasha redio ili pasiwe kimya kabisa. Kwa miezi yote ile Paskazia aliamini anapambana na ujinga, na ujinga alikuwa na dawa yake: unaeleza, unachoka, unaeleza tena. Hakuwa na dawa ya mjane anayelinda jina la mumewe. Tena mbaya zaidi, yeye mwenyewe alipofikiri kwamba ile foleni ya ndoo ilikuwa kazi ya mikono ya baba yake, alitamani vipimo viwe vimekosea.

Jumatatu ya wiki iliyofuata simu yake iliita akiwa maabara. Ilikuwa sauti ya mama yake, akipiga kelele kama kawaida yake, kana kwamba simu ni bomba refu.

"Paskazia! Jana nilisimama mlangoni pa kanisa."

"Shikamoo, mama. Kufanya nini?"

"Kushikana mikono na watu wakitoka. Kila mmoja nikamshika kiganja, nikakibonyeza. Dorkasi anavyo vinundu. Batholomeo anavyo. Mkewe anavyo. Yule mkwe wao aliyeolewa juzijuzi hana, lakini yeye ametoka Busi, hajayanywa sana. Nimewashika wote, Paskazia. Mikono yao ni mikono ya baba yako."

Paskazia akaiweka mezani chupa aliyokuwa ameishika.

"Njoo na kufuli lako," alisema Anyesi. "Lakini nitafunga mimi."

Alikwenda kesho yake. Batholomeo alikuwa ameita watu bondeni, na walikuja na ndoo zao, wengine wakidhani ni nafasi ya mwisho ya kuteka. Anyesi hakutoa hotuba ndefu. Alisema Obedi aliwachimbia kisima hiki kwa kuwa walikuwa na kiu, na hakuna aliyemwambia kilichokuwa kwenye yale madebe ya dawa. Alisema angejua, angekuwa wa kwanza kukifukia. Alinyoosha viganja vyake watu wavione, akawaambia kila mtu atazame vyake. Watu wakatazama. Mtu mmoja akaguna, mwingine akamshika jirani yake mkono na kuuleta karibu na macho. Dorkasi akaanza kulia kwa sauti ndogo. Hakuna aliyesema Obedi ni muuaji. Batholomeo alivua kofia yake, akasema, "Mzee alitusaidia kwa alichokijua," na hilo ndilo neno lililobaki Joshoni mpaka leo. Anyesi akalibana kufuli, ufunguo akautia kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyekata mnyororo tena.

Msidhani mambo yalinyooka. Kufunga kisima ni siku moja, kuishi bila kisima ni kila siku. Watu wa Joshoni walianza kupanda mwinuko kuchota maji ya chumvi, na lawama zote ziliteremka kwa Paskazia. Kunde haziivi. Chai haina maana. Sabuni haitoi povu. Alizisikiliza akiuma meno, lakini safari hii hakusema afadhali kunde ngumu. Alikwenda kwa mchungaji, akaenda kwa Batholomeo, akamsumbua Bwana Ludovick mpaka mkuu wake akaanza kuzima simu. Mwisho wa yote paa la kanisa na la shule yakawekewa mifereji, yakajengwa matangi ya kukinga maji ya mvua. Maji hayo yakawa ya kunywa, ya chai na ya kunde peke yake. Mengine yote ni ya kisima cha juu. Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa nzuri, matangi yakafika mbali. Mwaka wa pili yalikauka kiangazi hakijafika katikati, na kelele zikaanza upya.

Waliokuwa na vinundu walipelekwa hospitali mjini kwa makundi. Daktari alisema mwili ukiacha kupokea sumu huitoa nyingine taratibu, lakini wengine itabidi waangaliwe miaka mingi. Mzee mmoja, yule aliyeuliza mbona yupo, alikutwa na kidonda kwenye kisigino ambacho hakikuwa kidonda cha kawaida. Alikatwa sehemu ya mguu, akapona. Paskazia alipokwenda kumwona alidhani atamlaumu. Mzee alimuuliza tu kama ng'ombe nao wanaweza kupata.

Ofisini, kile kisima kisichokuwa chao kikawa chao. Bwana Ludovick, aliyeitwa na wakubwa wake kueleza, alirudi amebadilika kidogo, na kwa mara ya kwanza akasema neno jipya: "Majosho mengine yako wapi?" Hakuna aliyejua. Mengi yalishafukiwa, yakajengewa nyumba, yakalimwa mtama. Paskazia akasema wanaojua ni waliofanya kazi humo, na wanaisha. Basi akapewa Iddy na gari, akaanza kuzunguka kijiji hadi kijiji akiuliza wazee ng'ombe walikuwa wakiogeshewa wapi, na siku hizi watu wanateka wapi.

Anyesi alikuja Chang'ombe kwa ajili ya kliniki, akasema atakaa siku mbili. Sasa ni wiki ya tatu. Asubuhi moja Paskazia alikuwa akifunga chupa zake kwenye deli aondoke, huku mama yake akimweleza Nikodemo kwamba maji ya bomba ya mjini yananuka, kwamba hawezi kuyanywa, na kwamba anashangaa mtaalamu wa maji anakaa nyumba yenye maji ya namna hii.

"Mama, hiyo ni dawa ya kuua vijidudu. Nimeyapima mwenyewe. Ni salama."

"Yananuka."

"Ni salama!"

"Sikatai. Nasema yananuka."

Paskazia akabana kifuniko cha deli. Nje Iddy alipiga honi. Akamimina maji kwenye jagi, akaliacha wazi mezani ili harufu ipungue mpaka mchana, akamwambia mama yake asilifunike, akabeba deli lake na kutoka.